Robine Nne Kutoka Ulaya

Mtu wa kwanza kuleta diploma ya mabomba katika mji wetu wa Kisangani ni mimi. Nasema bila haya, kwa sababu hakuna aliyenipa. Sikuwa mtoto wa karani wala wa mpishi wa askofu. Nilizaliwa mtaa wa Kabondo, katika nyumba ya udongo ambayo maji yake yalifika juu ya kichwa cha mama yangu, na nilipopata nguvu za kusimama na ndoo, yakafika juu ya kichwa changu. Niliondoka nikiwa mchochea moto wa meli ya mtoni. Huko chini, mto unapoingia baharini, nikapata kazi ya kuosha masufuria katika meli ya bahari, nikashuka Antwerp na koti la kuazima. Miaka minne mchana nilisugua matangi ya maji ya moto katika majengo ya watu; jioni nilikaa darasani nikijifunza jinsi maji yanavyotembea. Mwalimu aliyeniuliza siku ya kwanza kama nimepotea njia ndiye aliyenikabidhi karatasi siku ya mwisho. Nilikuwa wa tatu darasani. Wa kwanza na wa pili walikuwa na baba mafundi wa mabomba, kwa hiyo hao siwahesabu.

Nilirudi nyumbani bendera mpya ikiwa bado haijapauka. Ndani ya sanduku langu mlikuwa na nguo chache, diploma ndani ya mkebe mrefu wa bati, na robine nne zilizofungwa kwenye magazeti. Robine, yaani zile koki za kufungulia maji, lakini hizi hazikuwa za kuzungusha. Zilikuwa na kimkono kirefu kinachong'aa kama kijiko cha harusi. Unakisukuma kidogo, maji yanakuja; unakirudisha, maji yanakatika kama umeyapiga panga. Nilizinunua kwa ajili ya mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye sisi wote tulimwita Tonton.

Tonton alikuwa fundi cherehani, mtu wa zile familia za Waislamu ambao mababu zao walikuja na misafara kutoka mashariki, wakaupenda mto, wakabaki. Alivaa kanzu nyeupe na kofia aliyoidarizi mwenyewe, na utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake. Alipokusalimia macho yake yalipita begani mwako, kushoto kwenda kulia, ukajua umeshapimwa. Mteja wake mmoja, Mbelgiji wa kahawa, alikuwa amefunga mizigo asubuhi moja kwa hofu, akamwachia funguo za nyumba yake: amlindie mpaka arudi. Tonton alilinda kutoka nje kwa miezi sita. Halafu akaona kwamba nyumba inalindwa vizuri zaidi mtu akiwa ndani, akahamia na mke wake, Tantine, pamoja na mabinti wao wawili na waume zao.

Nyuma ya nyumba ile palikuwa na sakafu ya saruji na robine nne za shaba katika mstari mmoja, mahali madobi wa Mbelgiji walipofulia. Tonton alipopaona alisema Alhamdulillahi. Palikuwa pamejengwa kwa ajili ya kufua mashuka, lakini mtu mwenye akili aliona wazi kuwa ni pa kutawadhia. Watu wanne kwa pamoja, mara tano kwa siku, hakuna kugombania ndoo.

Robine zile za shaba zilikuwa za kuzungusha mara nyingi, na zililia kidogo zikifungwa. Zilikuwa nzima kabisa. Hilo nalisema leo.

"Tonton," nilimwambia, "hizi iko za wakati ya mukoloni."

"Na nyumba je, mupwa wangu? Iko ya wakati gani?"

"Nyumba tutaona baadaye. Acha nianze na robine."

Nilizifunga zile nne mpya kwa asubuhi moja tu, nimevaa shati jeupe, ili majirani waone kwamba kazi ya mwenye diploma haimchafui. Adhuhuri Tonton alikwenda kutawadha. Alifurahi kama mtoto. Alimaliza mguu wa kushoto, akakirudisha kile kimkono kwa ncha ya kiwiko, kwa madaha.

GO!

Sauti ilitoka ndani ya ukuta kana kwamba mtu amepiga reli kwa nyundo. Ikapanda, ikapita juu ya dari, ikashukia jikoni. Tantine akatoka mbio na mchi mkononi.

"Nani iko ndani ya ukuta?"

Basi nieleze kama nilivyofundishwa, na nyinyi mtaelewa haraka kuliko alivyoelewa Tantine. Maji yanayokimbia ndani ya bomba ni kama lori la ndizi linalokuja kutoka Bengamisa. Dereva akishika breki taratibu, lori linasimama na ndizi zinabaki mahali pake. Ukimwekea ukuta ghafla, ndizi zote zinakuja kumpiga shingoni. Robine ya kuzungusha ni breki. Robine zangu zilikuwa ukuta. Na kwa kuwa bomba la nyumba ile lilikuwa limelegea kwenye vishikizo vyake, kila pigo lilicheza nalo lilivyotaka.

Hayo niliyajua tangu pigo la kwanza. Na dawa yake niliijua: kurudisha robine za dobi. Lakini ningesemaje? Kwamba nilichovusha bahari kimeshindwa na shaba ya mtu wa kufua mashuka?

"Si kitu," nilisema. "Kwa Kifaransa inaitwa coup de bélier, pigo la kondoo dume. Hata Bruxelles iko."

"Kama iko kondoo dume," akasema Tantine, "Tonton yako amuchinje, tukule."

"Mabomba inapaswa kuzoea, Tantine. Kitu ya Ulaya inaomba muda."

Walioizoea ni watu. Mwaka ukapita na zaidi. Go, go, go, go kabla ya jua. Go, go, go, go adhuhuri. Vivyo hivyo mpaka isha. Jirani yetu, Mkristo mwema, aliuza jogoo wake kwa kuwa hakumhitaji tena. Robine za zamani nilimwambia Tantine azitupe. Hakuzitupa. Alizifunga ndani ya kitambaa akawa anaziweka juu ya mfuniko wa sufuria ya pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, ili mvuke usiunyanyue.

Halafu uasi ukafika, na mji ukabadilika mikono.

Sitasimulia yote ya miezi ile. Kuna waliokufa, na baadhi yao walikuwa wamepimwa suruali na Tonton wiki moja kabla. Nitasema tu yale yanayohusu mabomba. Wapiganaji waliouchukua mji waliogopa ndege, na waliamini kwamba kuna watu mjini wanaziita kwa redio ya siri, ambayo wote waliiita phonie. Mtu alikamatwa kwa sababu ya waya wa kuanikia nguo. Tena hawakuwapenda watu wa karatasi: makarani, walimu, wenye diploma. Na dawa waliyopewa na mganga wao, ya kugeuza risasi kuwa maji, ilikuwa na miiko mingi. Mmojawapo ni kwamba maji ambayo mganga hakuyasemea yasiwaguse, ama sivyo dawa inakufa palepale.

Kwa sababu ya hayo, Tonton alifumua bitana ya koti langu la Antwerp, akaitandaza diploma yangu humo, akashona tena kwa mshono usioonekana. Na mimi nikanyamaza. Wiki tatu nzima sikumwambia mtu yeyote kwamba nina diploma. Wanaonijua wanasema hiyo ndiyo ajabu kubwa ya vita ile. Nilipoulizwa kazi yangu nilijibu: nabeba maji. Haikuwa uongo, nilianza nayo.

Pale pembeni mwa nyumba, njia panda, wapiganaji waliweka kizuizi chao, barrière, mwanzi mmoja juu ya mapipa mawili. Walikaa hapo mchana kutwa bila kazi, na mtu asiye na kazi husikia kila kitu. Wakatusikia. Mmoja wao alikuwa amewahi kufagia posta, kwa hiyo alikuwa mtaalamu wao wa telegrafu. Ndiye aliyewaambia kwamba sauti ile ni mashine inayosema.

Walikuja adhuhuri moja, tulipokuwa tumetoka tu kuswali. Walikuwa watatu na mkubwa wao, ambaye alitaka aitwe Komanda. Alikuwa kijana mwembamba mwenye saa ya kengele, ile ya kuweka mezani, iliyoning'inia kifuani kwa kamba, na daftari la shule mkononi. Tonton alikuwa amekaa kwenye cherehani yake sebuleni. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo yangu, nikibeba maji kutoka robine kwenda jikoni, hatua kumi na mbili, kwa ajili ya kutunza uongo wangu.

"Muzee, phonie iko wapi?"

"Phonie gani, mwana yangu? Miye nashona tu."

Komanda alifungua daftari. Alikuwa amepiga mistari kwa rula. "Juzi, mara tano. Jana, mara tano. Leo, mbele ya jua, na sasa hivi. Kila siku saa ileile. Unaita ndege."

"Naita Mungu."

"Kwa kugonga?"

"Kugonga si miye. Kugonga iko ukuta."

"Bon," alisema Komanda, akaitazama saa yake ya kifuani. "Kwa daftari yangu, utaita tena saa kumi. Saa kumi ikifika na hatujaona hiyo mashine, tutakwenda na weye darajani."

Waliopelekwa darajani hawakurudi kuchukua viatu vyao. Tonton alijua. Hakubishana, hakulia. Alivua kofia yake taratibu, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya cherehani, mahali ambapo mtu huweka kitu anachotaka kumwachia mwingine. Tantine aliiona. Mimi pia niliiona.

Nilikuwa na njia mbili. Nikinyamaza, mjomba wangu anakufa kwa robine zangu. Nikisema, natoa diploma mbele ya watu wanaozichukia diploma. Nimejisifu sana maishani mwangu, na nitaendelea Mungu akinipa uhai, lakini siku ile tu ndiyo kujisifu kungeweza kuniua.

Niliweka ndoo chini.

"Komanda, hiyo sauti iko yangu."

"Weye nani?"

"Mupwa wake. Niko fundi wa mabomba. Na diploma."

Na niwaambie kweli: hata pale, na bunduki tatu zikigeuka kunitazama, neno lile lilikuwa tamu mdomoni baada ya wiki tatu.

"Diploma!" Komanda alisema kama mtu aliyekanyaga kitu. "Iko wapi?"

Tonton alinyoosha mkono akalichukua koti langu ukutani, akaweka makasi kwenye bitana, akafumua. Karatasi ikatoka, imenyooka, na mihuri yake.

"Mbona iko ndani ya koti?"

"Mende, Komanda," akajibu Tonton bila kupepesa macho. "Wanapenda sana karatasi ya Ulaya."

Komanda aliisoma. Aliisoma vizuri, kidole chini ya kila mstari, na nikaona kwamba huyu hakuwa mjinga. "Miye nilifika mwaka ya sita," alisema polepole. "Halafu wakanifukuza. Walisema eti nakosea hesabu." Akainua macho. "Na weye mwenye hii, ulifanya nini kwa ukuta ya muzee?"

"Nilikosea."

"Sema tena."

"Nilikosea, Komanda. Robine iliyokuwako ilikuwa muzuri. Nilitoa, nikatia mubaya. Njo maana inagonga."

"Na diploma?"

"Na diploma."

"Sema kwa nguvu. Wale wa barrière wasikie."

Nikasimama dirishani, mimi niliyekuwa wa tatu darasani Antwerp, nikapiga kelele: "NILIKOSEA! NA DIPLOMA!" Kule kwenye mwanzi wakacheka. Jirani wa jogoo akachungulia. Ndani, Tantine akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ambayo haikukusudiwa kusikika, lakini ilisikika: "Mwaka muzima nilikuwa nangojea hiyo."

Komanda alicheka mpaka akaketi. Alifuta machozi kwa daftari. Kisha akasimama, akaiweka diploma juu ya meza ya kukatia nguo, na kicheko kikawa kimekwisha. "Kucheka ni kucheka. Sasa onyesha."

Tulikwenda nyuma. Niliwasimamisha Tonton na wakwe zake wawili, kila mmoja kwenye robine yake, mimi kwenye ya nne. Yule wa posta aliweka sikio ukutani. Tukafungua, tukafunga kwa pamoja.

GO!

Yule wa posta aliruka nyuma na kuuelekezea ukuta bunduki. "Komanda, iko ndani! Nimemusikia anapumua!"

"Tuvunje ukuta," akasema mwenzake.

"Tupige kwanza, halafu tuvunje," akasema wa tatu.

Niliona mambo yanaharibika. Watu watatu wenye bunduki na ukuta mmoja, na upande wa pili wa ukuta ule wamesimama mabinti wa Tonton. Nilihitaji wale vijana watoke uani kwanza, halafu nifanye kazi. Sasa, ukurasa wa kwanza kabisa wa kitabu nilichosomea unasema: kabla ya kutoa robine, funga valvu kubwa ya nyumba. Niliukumbuka ukurasa ule neno kwa neno. Nikauruka.

Nilizungusha spana mara tatu, robine ya kwanza ikatoka mkononi mwangu, na maji yakaruka kama mkia wa farasi mweupe, mapana, hadi ua wa maua. Sijawahi kuona mashujaa wakikimbia vizuri vile. Wawili walipita juu ya ua bila kuugusa. Yule wa posta alipita katikati yake. Komanda aliingia ndani kwa mlango wa nyuma, maji yakimfuata visigino, akapanda juu ya meza ya kukatia nguo, akainua miguu ya suruali yake kwa mikono miwili.

"Fundi! Funga! Funga!"

"Natafuta valvu, Komanda!"

Nilikuwa nimesimama juu yake.

"Komanda," Tantine alimwambia kutoka mlango wa jikoni, kwa heshima zote, "hapo juu iko kitambaa ya watu. Angalia usikanyage."

Nilipoona wote wako barabarani na mmoja yuko mezani, nikaipata valvu. Sasa palikuwa na nafasi ya kufanya kazi kama watu. Nilitoa zile tatu zilizobaki. Tantine alikwenda jikoni, akarudi na kile kifurushi kilichokuwa juu ya sufuria, akakifungua mbele yangu. Robine nne za shaba, zikinukia mawese.

"Takataka yako," alisema.

Ngozi za ndani za robine zile, zile zinazozuia maji, zilikuwa zimekauka kwa mvuke wa pondu. Tonton akavua mshipi wake wa ngozi, akaukata ncha, akanikatia viduara vinne kwa makasi, na kwa jicho tu. Havikuhitaji kurekebishwa hata kidogo. Diploma yangu ilikuwa mezani chini ya miguu ya Komanda, lakini kazi ile ilihitaji fundi cherehani. Halafu tulipanda darini, na pale bomba lilipokuwa likicheza, yeye akalifunga kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki: khaki ya polisi wa zamani, hariri ya bibi harusi, bluu ya watawa. Alivikaza na kuvishona kabisa, kana kwamba bomba lile lingekwenda msikitini.

"Mupwa wangu," aliniambia kule gizani, sindano mdomoni, "ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Tonton."

Alishona mishono mitatu au minne. "Nami nilijua kwamba unajua," alisema. "Lakini ulikuwa umetoka mbali sana."

Hakuna aliyeniambia neno zito zaidi ya hilo, na hakuinua sauti.

Tulishuka. Komanda alikuwa bado mezani, ameikumbatia saa yake. Saa kumi ikalia kifuani kwake, krrr, akashtuka yeye mwenyewe. Wapiganaji wake walisimama nje, mbali, wakinyoosha shingo juu ya ua. Tonton, wakwe wawili na mimi tukajipanga. Lazima niseme kwamba tangu Antwerp nilikuwa mzembe wa swala. Siku ile nilitawadha mpaka juu ya viwiko bila kukumbushwa na mtu.

Tulimaliza. Tukaanza kufunga, kuzungusha, kuzungusha, taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Komanda alishuka mezani akaegemeza sikio ukutani. Tantine alikuwa ameishika ile kofia kwa mikono miwili.

Kimya.

Kisha ikatoka sauti ndogo: kwiii.

"Na hiyo?" Komanda akauliza haraka.

"Hiyo robine inalia, Komanda. Iko muzee."

Alisikiliza tena mpaka ikakoma. Halafu akafungua daftari lake, na chini ya mistari yote ya mara tano, akaandika sifuri kubwa, ya duara kamili. Tantine akamvisha Tonton kofia mwenyewe, mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Komanda alichana ukurasa, akaandika juu ya meza, akapiga saini. Naukumbuka wote: "Huyu mutu iko na diploma. Alikosea kwa robine. Amerekebisha. Asipigwe." Akanipa. Kisha macho yake yakaangukia zile robine nne za Ulaya, zikimeta kwenye saruji.

"Hizi nachukua."

"Komanda, hizo njo—"

"Kesho utakuja kuzifunga kwangu. Kwangu hakuna watu wa kusali mara tano." Alikuwa amekaa katika nyumba kubwa ya wazungu, mitaa miwili kutoka kwetu.

Ningeweza kumweleza habari ya lori la ndizi. Lakini nilikuwa nimeshapiga kelele dirishani mtaa mzima ukasikia, na yeye mwenyewe ameandika kwa mkono wake. Ukimwambia mtu jambo kwa nguvu namna ile, kulirudia ni kumdharau.

"Ndiyo, Komanda," nilisema.

Nilikwenda kesho yake nikazifunga, mbili bafuni, mbili jikoni. Nilivaa shati jeupe. Ni kazi safi kuliko zote nilizofanya katika mji huu.

Siku ya tatu, Tonton alikuwa akishona na mimi namshikia kitambaa, tulipoisikia ikija juu ya mapaa: GO! Aliondoa mguu kwenye pedali. Akasikiliza. Ikaja nyingine, na ya tatu haraka, ya mtu anayejaribu kujua ni nini.

"Kondoo amehama," akasema Tonton, akarudisha mguu.

Siku ya tano Komanda alikuja kwetu. Hakuwa na saa wala daftari, na nyuma yake walikuwa wapiganaji wawili ambao hawakuwa wake. Kanali wao, mtu mzima mwenye kitambi aliyekaa jirani na Komanda, alikuwa amesikia mashine inayosema ndani ya nyumba ya Komanda. Walikuwa wameshaleta sururu.

"Fundi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi wa mwaka wa sita, "kuja useme."

"Keti kwanza, mwana yangu," Tonton alimwambia, akamsogezea kiti kilekile alichokuwa amekalia yeye siku ile alipotajiwa daraja. Macho yake yakapita begani mwa kijana yule, kushoto kwenda kulia. Nilikuwa bado sijajiinua. Kusema kweli, nilikuwa nautafuta mkono wa shati langu bila haraka.

"Mupwa wangu," Tonton akasema, "beba diploma yako, wende."

"Ipi, Tonton?"

"Ile yake."

Nikaenda nayo. Kanali aliusoma ukurasa ule wa daftari, akaugeuza nyuma, akausoma tena.

"Hii maandiko yako?" akamwuliza Komanda.

"Yangu."

"Donc ulijua hizi robine iko mubaya. Umeandika weye mwenyewe. Halafu ukatia kwako?"

Komanda akapapasa kifuani, mahali ilipokuwa saa yake.

"Sema," akasema Kanali.

"Nilikosea."

Nilikohoa kidogo tu, kwa ajili ya vumbi.

"Sema kwa nguvu," akasema Kanali.

Akasema kwa nguvu. Walioshika sururu wakacheka, na watu wakicheka na sururu mkononi, ukuta unapona. Nilifunga valvu kubwa kwanza, kama ukurasa wa kwanza unavyotaka, nikazitoa zile nne, nikamrudishia za zamani alizokuwa amezitupa chini ya kitanda. Ukurasa wake aliniachia, na robine zangu nikazibeba nyumbani.

Diploma yangu ya Antwerp nimeitia ndani ya fremu ya kioo, na ile ya Komanda nimeitia ndani ya fremu ya pili, saizi moja. Wageni huanza kusoma hiyo ya pili. Robine za shaba zinalia mpaka leo nyuma ya nyumba ya Tonton, mara tano kwa siku, kwiii, na viduara vya mshipi wake ndani. Za Ulaya Tantine amezifunga kwenye kitambaa, ziko juu ya mfuniko wa sufuria ya pondu. Ni nzito, hazishiki kutu, na mvuke haujaziweza hata siku moja. Nilijua tangu mwanzo kwamba ni bidhaa nzuri.